Furaha Haiamrishwi

Mgeukie jirani yako, mwambie: furahi!

Kama umelelewa kanisani hapa Kenya, hiyo sentensi unaijua. Inakuja dakika chache tu baada ya mhubiri kushika maikrofoni. Unageuka, jirani naye anageuka, mnaambiana mlichotumwa, mnacheka kidogo kwa haya. Halafu kila mtu anarudi kwenye mawazo yake: karo, mtoto mwenye kikohozi, bosi aliyesema mshahara utachelewa. Hakuna aliyefurahi hapo. Mmetii tu.

Mimi si mchungaji. Ni mhubiri mlei. Siku za wiki nafanya kazi ya ukarani kwenye yadi ya makontena, na Jumapili moja kila mwezi nasimama kwenye mimbari ya kanisa dogo la mabati hapa Kipevu. Huu ni mwaka wa tano tangu nianze kufundishwa kazi hiyo. Watu hudhani kujifunza kuhubiri ni kujifunza kusema: sauti ipande wapi, mkono uende wapi, lini useme "Amina?" ukangoja jibu. Hayo yapo, na yanafundishika kwa wiki mbili. Lililochukua miaka ni swali moja: unahubirije mpaka mtu atake mwenyewe kumfuata Yesu, tena kwa furaha, bila wewe kumwamrisha afurahi?

Kwa asiyejua Kipevu: ukitoka kisiwani ukavuka Makupa, ukaelekea Changamwe na Port Reitz, uko kwetu. Watalii hawaji huku. Mtu akisikia "Mombasa raha" anawaza Nyali, Diani, madafu na mchanga mweupe. Pwani yetu sisi ni gati za makontena, matangi ya mafuta, mitambo ya umeme ya KenGen na, tangu 2022, lile gati jipya la mafuta lililojengwa majini. Trela hupita usiku na mchana. Kanisani tumeshazoea: trela likija, mhubiri ananyamaza, likishapita, anaendelea alipoachia.

Kwenye mabenchi wanakaa vibarua wa bandarini, madereva na mataniboi, askari wa getini, mama mahamri, na vijana waliomaliza chuo ambao bado wanatembea na bahasha ya vyeti. Hawa ni watu wanaojua jinsi neno moja kutoka Nairobi linavyoweza kufunga jiko. Mwaka 2019 ilipotoka amri kwamba makontena ya kwenda bara yapande treni ya SGR, watu wa Mombasa waliandamana barabarani. Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaibatilisha ile amri. Septemba 2022, siku rais mpya alipoapishwa, ikatangazwa kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa. Kwenye magazeti hizo ni habari tatu. Kanisani kwetu ni miaka mitatu ya mabenchi yaliyokuwa yakipungua watu, manake aliyekosa kazi hurudi kwao shambani, na wengine hawajarudi mpaka leo.

Sasa mtu kama huyo umwambie tu "furahi," bila kumpa sababu? Hiyo si habari njema. Ni kama kumdhihaki.

Nimesikia njia tatu za kuziba hilo pengo, na nadhani wewe pia umezisikia. Kuna anayetisha: jehanamu iko karibu, basi la mwisho linaondoka, panda sasa. Kuna anayeahidi: mwaka huu utaendesha gari, mwenye nyumba wako atakuwa mpangaji wako. Na kuna anayechekesha, ambaye nampenda kuliko hao wawili, lakini ukifika nyumbani ukaulizwa alihubiri nini, unakumbuka ile ya mlevi na punda peke yake. Wote watatu wanaweza kulijaza kanisa. Ila Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, mtu akiwa getini anangoja jina lake lisomwe, woga hauna la kumwambia, ahadi haijafika, na kichekesho kimeshapoa.

Darasa langu la kwanza lilikuwa ukalimani. Wageni wakija kutoka bara au ng'ambo huhubiri kwa Kiingereza, na mimi nilisimama kando yao nikigeuza kwa Kiswahili. Kazi hiyo ina shule ndani yake. Mkalimani ndiye mtu wa kwanza kujua kwamba sentensi haina kitu. "Mungu anakupeleka kiwango kingine" hupita mdomoni kama maji kwenye bomba. Kiwango kipi? Ametoka wapi, anakwenda wapi? Hujui, na huwezi kumkatiza mgeni umuulize. Unageuza tu, watu wanapiga makofi.

Siku moja akaja mama mtu mzima, sauti yake ya chini, hakuwa hata na haraka. Alihubiri Luka 15: kondoo mmoja kati ya 100, sarafu moja kati ya 10, mwana mmoja kati ya wawili. Akafika kwa yule mwanamke aliyewasha taa, akafagia nyumba, akaipata sarafu yake, akaita majirani wafurahi naye. Akauliza taratibu: hao majirani alipowaita, aliwapa nini? Nikageuza. Kukawa kimya. Kisha kina mama wa benchi la nyuma wakaanza kucheka, kwa sababu walishapiga hesabu. Kuita mtaa mzima, chai, sukari, maandazi! Si ajabu sherehe ilikula pesa kuliko sarafu yenyewe. "Ndiyo," yule mama akasema, "Mungu hana hesabu nzuri akishakupata."

Kile kicheko sijakisahau. Hakikuletwa na mzaha uliobandikwa juu ya neno. Kilitoka ndani ya habari yenyewe, na waliokitoa ni watu wanaojua bei ya sukari. Nilisimama pale nikiwa na kazi ya kugeuza sentensi tu, lakini nikaona kitu: furaha ilikuwa tayari imo kwenye kifungu. Yeye alisogeza tu vyombo ili ionekane.

Darasa la pili ni la mwinjilisti wetu, mzee aliyestaafu kazi ya bandari, ambaye ndiye hutupanga wahubiri. Yeye hafundishi kwa kueleza. Anakupa kifungu, anakwambia ukisome kwa sauti, halafu anakuuliza maswali mpaka utoke jasho. Mara ya kwanza alinipa Mathayo 13, mstari wa 44, ule mfano mfupi wa mtu aliyekuta hazina imezikwa shambani. Nikasoma. Yule mtu anaipata, anaifukia tena, kisha kwa furaha yake anakwenda kuuza vyote alivyo navyo na kulinunua lile shamba.

"Furaha umeiona wapi, mwanangu?"

"Katikati, Mzee."

"Kabla hajauza, ama ameshauza?"

Nikarudia kusoma. "Kabla, Mzee."

"Basi mbona mahubiri mengi huanza na kuuza?"

Nilitembea nyumbani na swali hilo. Sisi watu wa Pwani tuna methali tunayoipenda sana, baada ya dhiki faraja, na mimbari zetu zimeichukua hivyo hivyo: vumilia sasa, acha hiki, acha kile, mwisho utafurahi. Furaha inakuwa kama mshahara wa mwisho wa mwezi, na uanafunzi ndiyo siku 30 za kuchoka. Lakini kwenye ule mfano furaha ndiyo inayomsukuma mtu kwenda kuuza. Ukimkuta sokoni akiuza kitanda chake, utadhani amefilisika. Yeye mwenyewe anapiga mluzi.

Na hapa Kiswahili kimetupa zawadi ambayo sidhani kama tunaitumia. Anayemfuata Yesu tunamwita mwanafunzi, neno lile lile la mtoto mwenye sare na begi. Na ukitoka kwetu ukaenda kwenye gereji za Changamwe utaona kijana wa spana akijifunza. Hakuna anayemhutubia. Yuko chini ya gari na fundi, anapitisha spana namba 14, anapakwa oili, anatukanwa kidogo, halafu siku moja injini aliyoifungua yeye inawaka. Uso wake siku hiyo! Hakuna aliyemwambia ageukie jirani yake. Nikihubiri juu ya uanafunzi nataka watu waione sura ya huyo kijana, wasiwaze orodha ya makatazo.

Lakini subiri, kuna jambo zito hapa, na si la haki kulipita.

Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, upande wa Malindi. Miili iliyopatikana ilipita 400, wakiwemo watoto wengi. Walikuwa wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, na ilidaiwa kwamba waliambiwa wafunge kula mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Kesi kadhaa zililetwa hapa Mombasa; yeye alikana mashtaka. Kanisa lake liliitwa kwa Kiingereza jina lenye maana ya Habari Njema.

Tangu mwezi ule, mtu yeyote anayehubiri Pwani anahubiri mbele ya yale makaburi, atake asitake. Konda akijua wewe ni mhubiri anakuangalia mara mbili. Shangazi yangu mwenyewe alinipigia simu kuniuliza, kwa upole sana, kama kanisa letu "linaruhusu watu kula." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Na fikiria: mtu aliyeuza vyote alivyo navyo kwa sababu ya hazina aliyoiona peke yake, iliyofichwa. Huo mfano ukiwa mikononi mwa mtu mwingine unaweza kupeleka familia nzima msituni. Hata furaha inaweza kutumika. Watu wanaweza kutembea kwenda pabaya wakiimba. Kwa hiyo haitoshi kusema "mimi nahubiri furaha," kana kwamba furaha yenyewe ni cheti cha usalama.

Nilimpelekea Mzee jambo hilo. Alikaa kimya muda mrefu, trela mbili zikapita. Kisha akaniuliza swali moja tu: kwenye ule mfano, nani analipa, na nani anapata shamba? Anayelipa na anayepata ni mtu mmoja. Hakuna mhubiri katikati anayepokea bei. Na hakuna mtoto aliyeuzwa humo. "Ukiona mahubiri ambayo gharama inalipwa na huyu, na shamba linabaki na yule," akasema, "toka nje, hata kama kwaya ni tamu."

Nikaongeza langu kwa upande wa mhubiri: kama neno langu litamgharimu mtu, lazima niwe karibu vya kutosha kuiona risiti.

Tena kuna lugha. Spika yetu imefungwa juu ya mlango, na majirani wetu wengi ni Waislamu. Wanasikia mahubiri yetu bila kuombwa ruhusa, kama sisi tunavyosikia hotuba ya Ijumaa. Hilo linanifundisha adabu. Jirani aliyekulia kwenye Kiswahili cha nyumbani, mwenye masikio ya mashairi, akisikia Kiingereza kilichovaa kanzu ya Kiswahili anatambua mara moja kwamba huyu anayesema hajakaa na anachokisema.

Kuna mtu wa zamani ninayemfikiria katika hilo. William Taylor alikuwa mmishonari Mwingereza aliyehubiri hapa Mombasa kuanzia miaka ya 1880. Kabla ya kudai asikilizwe, alikaa akasikiliza. Alijifunza kwa Mwalimu Sikujua, mwanachuoni wa Kiislamu wa mji huu, na kwa msaada wake akayakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyekuwa amefariki 1840. Mwaka 1891 alichapisha kitabu kizima cha methali za Waswahili. Mahubiri yake hayakuigeuza Mombasa. Mombasa ilibaki Mombasa. Ila mashairi ya Muyaka tunayo leo kwa sehemu kubwa kwa sababu ya vikao vile viwili, mhubiri mmoja na mwalimu mmoja wa dini nyingine. Mimi naona hapo kitu kuhusu furaha: mtu anayefurahia watu anaosema nao hujifunza jinsi wao wanavyosema.

Basi ilipofika zamu yangu ya kuuhubiri ule mstari wa 44, nilifanya anavyofanya Mzee: Jumatano nikazunguka kusikiliza. Mmoja wa vijana wetu, miaka 24, kibarua, akanishika njiani.

"Broo, ati Jumapili unahubiri ile ya kuuza kila kitu?"

"Ndiyo hiyo."

"Sasa mimi nauza nini? Sina kitu bana."

Sikuwa na jibu, na niliona vizuri nisilitafute haraka. Nikamuuliza habari za kazi. Akanieleza: pale anapofanya, anayeandika majina ya zamu anataka shilingi 200 kila asubuhi, la sivyo jina halisomwi. Amelipa kwa miezi. Si pesa inayomuuma zaidi, alisema. Ni kule kumchekea yule mtu kila siku, kumwita mkubwa, kurudi nyumbani akijiona mdogo.

Jumapili sikusema neno hata moja juu ya hongo. Sikumtaja, sikuizungukia. Nilikaa sana kwenye hazina. Nikasema Mungu ndiye aliyeanza kututafuta, kama yule mwanamke na taa yake. Kwamba mtu anayesubiri getini jina lake lisomwe, jina hilo lilishasomwa mahali pengine, tena na mtu asiyetaka 200. Nikasema polepole, kwa maneno ya hapa hapa. Trela likapita, nikanyamaza, likaisha, nikaendelea. Kuhusu kuuza nilitumia dakika mbili mwishoni: kila mtu anajua mwenyewe ameshika nini mkononi ambacho kinamzuia kuchukua kikubwa zaidi. Nikakaa.

Jumatatu yule kijana hakulipa. Jina halikusomwa. Jumanne halikusomwa. Jumatano na Alhamisi vile vile.

Nilipata habari Alhamisi jioni na nikaenda kwake moja kwa moja. Usiniulize kama nilikuwa na furaha, sikuwa nayo hata kidogo. Kichwani nilikuwa nawaza Shakahola. Hii sasa ndiyo risiti, imeandikwa siku 4 bila kazi, na mimi mshahara wangu haukuguswa. Nilimkuta nje amekaa kwenye jerikeni, anakula mahamri ya mkopo, na mama mahamri mwenyewe amesimama hapo kando akihakikisha anamaliza.

"Unajuta?" nikamuuliza.

"Njaa nilikuwa nayo jana," akasema. "Lakini ule uoga sina tena. Ungeniona vile nilimpita yule jamaa asubuhi. Nilimsalimia vizuri kabisa!" Akacheka hadi mahamri yakamkwama.

Sitaki kukipamba kisa hiki. Yule mwandika majina yupo pale pale hadi leo. Kijana alipata kibarua kwingine wiki ya tatu, cha malipo madogo. Wiki zile mbili na nusu tulichanga, mimi nikiwa wa kwanza, manake nilikuwa nimeshasema hadharani kwamba mhubiri lazima aione risiti. Na mama mahamri hakudai deni lake. Nilielewa wakati ule kwamba hata sisi tuliochanga tulikuwa sehemu ya lile shamba. Hazina haikuwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Mtu anaweza kuachilia alichoshika kwa furaha kama anajua hataanguka patupu. Kanisa lisilo na mahamri ya mkopo lisihubiri Mathayo 13:44.

Siku hizi nikijiandaa nakiuliza kifungu maswali matatu, nayaandika juu ya karatasi kabla ya kitu kingine chochote. Nani anafurahi humu ndani, na kwa nini? Inagharimu nini, na nani analipa? Jumatatu asubuhi tutakuwa wapi, sisi tuliosikia? Yakikosa jibu, sihubiri hicho kifungu bado. Na nimeacha kuiogopa huzuni. Barua kwa Wafilipi ina sura 4 tu na imejaa kufurahi tangu mwanzo hadi mwisho, na aliyeiandika alikuwa kwenye minyororo. Raha ingemwishia mlangoni pa gereza. Ndiyo maana "Mombasa raha" inatosha kwenye fulana na haitoshi kwenye mimbari. Furaha yake ilikuwa na majina ya watu, watu wa mji fulani waliomkumbuka na kumtumia msaada.

Zamu yangu ni Jumapili ijayo. Nimepewa Luka 15. Jana nilipita kwa mama mahamri kumuuliza kama amewahi kupoteza pesa akaja akazipata. Akafuta mikono kwa leso, akanisogezea kiti. "Kaa chini, mwanangu," akasema. "Hiyo ni ndefu, na umeniharakisha, mafuta hayajapata moto."